Singo ya bibi inaanza Jumamosi na uso wangu bado unabanduka

Assalaam aleikum, Shangazi.

Mimi ni binti wa miaka 26, mwalimu wa chekechea hapa Lamu, nakaa Langoni. Harusi yangu imebaki siku 12. Jumamosi hii nawekwa ndani kuanza singo, yaani kusuguliwa mwili na uso kwa rojo ya liwa na maua kabla ya harusi, na uso wangu unabanduka kama ganda la kitunguu. Nyumbani hakuna anayejua sababu ila mdogo wangu.

Nilisumbuliwa na chunusi tangu shuleni. Zenyewe zilikoma, madoa yakabaki, mashavu yote mawili. Shoga yangu wa Mombasa akanambia kuna saluni huchubua uso kwa asidi, ngozi ya juu ikatoka na mpya ikaja safi. Nikaenda Jumatano iliyopita. Yule dada hakuniuliza napaka dawa gani wala harusi ni lini. Alisema tu ni "asidi ya matunda", akanipaka mara tatu kwa brashi. Uso uliwaka moto. Nilipopewa kioo, mashavu yalikuwa yamefanya weupe, kama chumvi iliyokaukia kwenye mwamba. Akasema hiyo ndiyo dalili inafanya kazi. Nikalipa, nikapewa kikaratasi: usikae juani, usibandue ngozi, paka losheni ya kukinga jua.

Kesho yake nikapanda basi kurudi, na hapo nilikosea. Tulifika Mokowe, gati la upande wa bara, saa saba mchana, nikavuka kwa boti ya wazi. Losheni sikupaka kwa sababu ilinichoma. Nilidhani buibui na mtandio vinatosha, lakini Shangazi, jua likipiga majini hurudi na kukupata usoni kutoka chini, na povu la chumvi nalo linaruka. Nilipoteremka gatini macho yalikuwa yamevimba. Nikamwambia mama ni jua la safari. Sijazoea kumdanganya mama na mpaka leo neno hilo limenikaa kooni.

Jumamosi nilikwenda duka la dawa. Mfamasia ni mama mtu mzima, alinipeleka dirishani akanitazama vizuri bila kunigombeza. Akanieleza kwamba ule weupe mara nyingi hutokea kwa asidi kali zaidi, iitwayo TCA, ingawa asidi ya salisiliki nayo huacha weupe wake, kwa hiyo bila kujua nilipakwa nini hawezi kukisia imeingia kina gani. Ikiwa ni ya juu juu, ngozi hutulia kwa muda wa wiki moja. Ikiingia ndani zaidi huchukua hata wiki mbili, na wekundu unaweza kukaa zaidi ya hapo. Jambo alilolirudia ni hili: ngozi nyeusi na ya maji ya kunde ikichokozwa hujibu kwa weusi. Yaani badala ya madoa ya chunusi nitabaki na madoa ya asidi, na hayo hukaa miezi.

Basi nafanya alivyoniagiza. Nanawa asubuhi na jioni kwa sabuni laini isiyo na manukato, kwa vidole tu. Maji ya kisima chetu yana chumvi, nanunua ya chupa. Najifuta kwa kugusagusa na kitambaa cha pamba, kisha napaka mafuta ya mgando kidogo. Mahali palipokwisha funga napaka losheni ya SPF 50, na nikitoka nairudia kila saa mbili. Dawa ya chunusi nimeiweka kando. Akanionya pia kwamba nikiona malengelenge, usaha, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, nisingoje, niende hospitali siku hiyo hiyo. Alhamdulillahi hayo sijayaona. Ila Jumapili usiku nilishindwa kujizuia, nikavuta kipande kilichokuwa kinaning'inia karibu na taya. Kilitoka na ngozi mbichi. Leo pale pana doa la ukubwa wa punje ya pilipili manga, jeusi kuliko doa lolote nililokwenda kuliondoa.

Shangazi, mzigo wangu hasa ni bibi.

Bibi ana miaka 80 na zaidi na mimi ni mjukuu wake wa kwanza wa kike. Tangu nilipoposwa amekuwa akianika asumini na mawaridi kwenye ungo juu ya dari. Kila baada ya Alasiri hukaa ukumbini na msio wake, lile jiwe la kusagia, mapajani, anasugua kigogo cha liwa, mti wa manukato, kwa marashi, polepole, ile rojo ikikusanyika ukingoni anaichota kwa kidole na kuinusa. Jana aliniita, akanishika kidevu, akasema, "Mwanangu, jua limekubabua, lakini usijali, singo itakutengeneza." Ndani ya singo yetu mna karafuu na manjano, na somo, yule mama anayemtunza na kumfunda mwari, huisugua usoni mpaka itoke vijinyuzi. Siku saba. Nami mfamasia amenikataza kusugua chochote, na karafuu juu ya ngozi mbichi sina haja ya kuuliza itafanya nini. Kujifukiza udi naogopa pia, kwa joto lake.

Tena mke wa ami amekwisha niletea kikopo cha krimu kisicho na maandishi, "ya kung'arisha". Hicho sikukigusa. Krimu nyingi za namna hiyo hutiwa haidrokwinoni au zebaki, vitu vilivyopigwa marufuku kwenye vipodozi hapa Kenya.

Nimefikiri kumwomba somo anisinge mwili wote, shingo kwenda chini, uso auache. Hina ya mikono na miguu haina shida. Lakini kwetu uso wa mwari ndio kazi yenyewe ya singo, na bibi atataka kujua kwa nini. Nikimwambia, atajua nililipa mtu wa mbali anichubue uso wakati yeye alikuwa ananianikia maua. Nikinyamaza, ataupaka kwa mikono yake mwenyewe, na ukiharibika atajilaumu yeye.

Naomba unishauri. Nimwambie bibi peke yake, au nianze na mama ambaye nimemdanganya? Somo, ambaye si wa damu, ni vizuri ajue kabla yao? Na kwa waliowahi kufanya haya: siku ya kupamba itakuwa siku ya 17 tangu asidi, je, niruhusu mpambaji anipake mekapu, au niombe wanja na mdomo tu?

Tafadhali nijibu kabla ya Ijumaa, kwani Ijumaa baada ya Alasiri ndipo somo anakuja kupokea vitu.

Mwari wa Langoni, Lamu