Wauzaji na wahakiki watutajie toleo la filamu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo huenda wengi wakaliona dogo, lakini ambalo sisi tunaokusanya filamu na kuzitazama majumbani linatugombanisha bila sababu. Filamu nyingi maarufu zipo katika matoleo mawili au zaidi: lile lililoonyeshwa katika majumba ya sinema, na lile lililotolewa baadaye kwa watazamaji wa nyumbani, likiwa limerefushwa au kupangwa upya. Hapa Mombasa tunauziwa filamu, tunanakiliwa filamu na tunasomeshwa uhakiki wa filamu pasipo kuambiwa ni toleo lipi linalozungumziwa, kisha tunakaa barazani kubishana kana kwamba sote tumeona kitu kimoja.

Chukua Sholay, filamu ya Ramesh Sippy ya mwaka 1975, ambayo haihitaji kutambulishwa kwa mtu wa pwani. Waliolelewa na filamu za Kihindi tangu enzi za majumba ya sinema ya Regal, Naaz na Majestic watakuapia kwamba mwishoni polisi huwasili na kumzuia Thakur asimuue jambazi Gabbar Singh. Kijana aliyeipata katika diski yenye toleo refu naye atakuapia kwamba polisi hawaji kabisa, na kwamba Thakur humuua Gabbar kwa miguu yake, kwa kuwa mikono hana. Wote wawili wasema kweli. India ilikuwa chini ya Hali ya Hatari iliyotangazwa Juni 1975, na bodi ya udhibiti haikuukubali mwisho ambao aliyekuwa afisa wa polisi anajichukulia sheria mkononi, kwa hiyo Sippy akalazimika kupiga picha za mwisho mwingine kabla ya filamu kutoka tarehe 15 Agosti mwaka huohuo. Mwisho wa asili ulibaki katika nakala za video zilizozunguka miongoni mwa mashabiki, hadi mwaka 2025 ulipoonyeshwa katika nakala iliyokarabatiwa kwenye tamasha la Il Cinema Ritrovato mjini Bologna, Italia. Mtu akiniuliza mimi, mwisho huo ndio unaostahili, kwa sababu filamu nzima imejengwa ili ifike pale.

Kutokana na mifano ya namna hii, wengi wetu tumeingiwa na imani kwamba toleo refu ndilo halisi na kwamba lile la sinema ni mabaki yaliyoachwa na mkasi wa studio. Imani hiyo ina ukweli ndani yake, ila haiwezi kubebeshwa kila filamu.

Mfano unaoipa nguvu zaidi ni Kingdom of Heaven ya Ridley Scott, ambayo kwa sababu ya Salahuddin al-Ayyubi na Baitul Maqdis imetazamwa sana katika nyumba za hapa. Toleo lililopelekwa sinema mwaka 2005 lina dakika 144, na toleo la mwongozaji lililofuata lina dakika 194. Tofauti ya dakika 50 ingeweza kuwa ya mapanga na farasi tu, lakini sivyo ilivyo. Kilichoondolewa ni mtoto. Sibylla, dada yake mfalme mwenye ukoma, ana mwana mdogo ambaye anarithi kiti baada ya mjomba wake kufariki. Mama anagundua kwamba ugonjwa ule ule umeshamwingia mwanawe, naye, asipokubali kumwona akioza hai nyuma ya kinyago, anampa sumu kwa mkono wake mwenyewe. Katika toleo fupi mtoto huyo hayupo kabisa. Kwa hiyo Eva Green, aliyeigiza nafasi ya Sibylla, anaonekana akizubaa na kujikata nywele kana kwamba amepandwa na wazimu ghafla, na mtazamaji anamlaumu mwigizaji kwa kosa la watu waliokuwa na mkasi. Nimewasikia watu wazima wenye akili zao wakiidharau filamu hii, na kila ninapowauliza waliitazama ipi, huwa ni ile ya dakika 144. Ghassan Massoud, Mshami (mtu wa Syria) wa sauti tulivu aliyemwigiza Salahuddin, anavutia katika matoleo yote mawili, lakini vita anavyopigana vina uzito zaidi pale tunapojua ufalme aliokuja kuuvunja ulikuwa umeoza kiasi gani kwa ndani.

Kwa upande wa pili ipo Cinema Paradiso ya Giuseppe Tornatore. Ilipotoka Italia mwaka 1988 ilikuwa na dakika 155 na haikupokelewa vizuri. Ikapunguzwa ikawa na dakika 124 hivi, na ni hiyo iliyofupishwa iliyoshinda tuzo Cannes na kisha Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Baadaye likatolewa toleo la dakika 173, ambalo ndani yake Salvatore, akiwa mtu mzima, anakutana tena na Elena, mpenzi wake wa ujanani, na kuelezwa ni nani aliyesababisha wakapoteana. Ninakiri kwamba maelezo hayo yanajibu maswali yote. Ubaya ni kwamba yanamgeuza mzee Alfredo, mwendesha mashine wa sinema ya kijijini, kutoka mlezi kuwa mshtakiwa, na yale machozi ya mwisho mbele ya pazia la sinema yanapoteza nusu ya sababu zake. Aliyeipunguza filamu hiyo aliiokoa, na sioni haya kusema hivyo ingawa najua wapo wenzangu watakaonuna.

Baina ya pande hizo mbili zimekaa filamu tatu za The Lord of the Rings za Peter Jackson, ambazo nadhani ndizo zilizotufundisha wengi wetu kuuliza habari ya matoleo. Katika sinema zilikuwa na dakika 178, 179 na 201. Katika matoleo marefu, yaliyotoka kwenye DVD kati ya 2002 na 2004, zikafika takriban 208, 223 na 251, bila kuhesabu orodha ndefu ya majina ya mashabiki iliyowekwa mwishoni. Kazi ilifanywa kwa heshima: Howard Shore alitunga muziki wa ziada, ndiyo maana vipande vilivyoongezwa havionekani kama viraka. Filamu ya kwanza ilinufaika, hasa pale Galadriel anapowagawia wasafiri zawadi ambazo baadaye zitakuwa na kazi. Katika ya tatu mizani inayumba. Toleo refu linaturudishia kifo cha mchawi Saruman, ambacho kuondolewa kwake kulimuudhi hadharani Christopher Lee aliyemwigiza, na kwa hakika ni ajabu adui wa filamu mbili kutoweka katika ya tatu bila hata kuonekana sura. Lakini toleo hilohilo linatuonyesha mapema shujaa Aragorn akikubaliwa na jeshi la wafu na kuziteka merikebu, basi merikebu zinapotia nanga vitani, pale watazamaji wa sinema waliporuka vitini, sisi wa nyumbani tunajua tangu zamani nani yumo ndani. Mtu anayeitazama hadithi hii kwa mara ya kwanza nitampa toleo la sinema, kisha nimwachie lile refu kwa siku ya mvua.

Sisemi hivyo kwa kuogopa urefu. Watu wa pwani hawajawahi kuogopa filamu ndefu: Lagaan ina dakika 224 na hakuna aliyelalamika, kwa sababu filamu za Kihindi hutengenezwa zikiwa na mapumziko yake katikati, na hadithi hupandishwa makusudi ili ivunjike pale pale panapouma. Toleo refu la filamu ya Kimarekani halikuumbwa hivyo. Limechukua hadithi iliyopimwa kwa kikao kimoja likaisukuma kupita kipimo chake, na ndiyo maana saa ya tatu huhisi nzito kuliko saa ya tatu ya filamu ya Bombay.

Tusisahau pia biashara. Mwimbaji wa taarabu harusini huurudia ubeti mmoja mara nyingi maadamu bado anatunzwa, na studio nazo zimejifunza kwamba shabiki aliyekwisha kununua filamu mara moja ataitunza mara ya pili ikirudi na jina jipya. Ridley Scott huyohuyo alipotoa toleo la Alien la mwaka 2003, lililobandikwa jina la toleo la mwongozaji, alieleza wazi kwamba lile la 1979 lilimridhisha tangu mwanzo na kwamba jina hilo jipya lilikuwa la masoko. Nalo, kwa kichekesho, ni fupi kwa kama dakika moja kuliko la zamani.

Hapo ndipo tatizo la kuelezwa linapokuwa kubwa, kwa maana hata dakika zilizoandikwa kwenye jalada hazitoshi kumwongoza mnunuzi. Blade Runner ya 1982 na toleo lake la mwisho la 2007 zina urefu unaokaribiana sana, lakini ya kwanza ina sauti ya Harrison Ford ikisimulia na ina mwisho wa heri uliolazimishwa, na ya pili haina hata kimoja kati ya hivyo. Isitoshe, DVD za mfumo wa televisheni wa PAL, ambao ndio wetu na wa Uingereza, huendesha picha 25 kwa sekunde badala ya 24 za sinema, kwa hiyo filamu ya dakika 201 humalizika kwa dakika kama 193. Wapo waliorudisha diski dukani wakidai wamekatiwa dakika nane, na muuzaji akaapa, na hakuna kilichokatwa ila kasi tu. Blu-ray haina kasoro hiyo, lakini ni wangapi kati yetu walio nayo?

Siku hizi wengi wanakwenda na flashi dukani na kurudi na filamu ishirini, na huko ndiko mambo yanakoharibika kabisa. Diski nyingine hubeba matoleo mawili kwa pamoja: vipande vinavyofanana huwekwa mara moja tu, na mashine huambiwa mahali pa kuingiza au kuruka vile vya ziada kulingana na ulichochagua mwanzoni. Anayenakili bila kujua hayo hupata chochote ambacho programu yake imekiokota. Matoleo marefu ya Jackson nayo yaligawanywa katika diski mbili kwa kila filamu, na duka moja la mjini, ambalo sitalitaja, limekuwa likiwapa watu diski ya kwanza peke yake kama filamu kamili, hadi wapo wanaoamini kwamba waongozaji wa ng'ambo hupenda kuikatiza hadithi njiani. Sijagusa zile nakala ambazo madijei husimulia juu yake kwa Kiswahili, wakiruka maongezi marefu ili wafike kwenye mapigano. Hizo nazo ni matoleo, na mengine, niseme ukweli, yana ucheshi kuliko filamu zenyewe.

Upo pia upande wa wazazi. Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya huipa filamu daraja kulingana na yaliyomo, lakini daraja lililotolewa kwa toleo la sinema halimwambii mzazi lolote kuhusu maonyesho ya damu au ya faragha yaliyorudishwa katika toleo la nyumbani. Marekani kwenyewe matoleo mengi marefu huuzwa yakiwa na alama ya kutokuwa na daraja, na diski hizo hutufikia mikononi mwa jamaa wanaotoka safari. Ingefaa kibandiko cha Bodi kitaje toleo na dakika zake, na muuzaji naye awajibike kwa alichokibandika.

Gazeti lako, Mhariri, linaweza kuanza bila kungoja bodi wala muuzaji. Kila uhakiki wa filamu katika ukurasa wa burudani ubebe chini ya kichwa chake mstari mmoja unaotaja mwaka, toleo, dakika na mahali mhakiki alipoitazama, iwe ni katika sinema ya Nyali, kwenye diski au mtandaoni. Na pale ambapo filamu ina matoleo mawili yanayotofautiana kwa jambo la maana, mhakiki aseme ni lipi angemshauri mtu alianze, na kwa nini.

Mpenzi wa filamu,
Kibokoni, Mombasa.