Utaji wa uso wa watawa ni sehemu ya ugo wa monasteri

KWA MHARIRI,

Picha mliyochapisha ya watawa wa Kikatoliki waliojifunika nyuso kwa kitambaa cheusi imezua mabishano katika ukurasa huu. Msomaji mmoja anasema Wakatoliki wameiga nikabu. Wa pili anasema picha ni ya kubuni, maana yeye kasomeshwa na masista na hajamwona hata mmoja aliyefunika uso. Wa tatu anadai ilikuwa adhabu. Sisi ni mafundi wa mavazi ya kanisani na walimu wa katekesi hapa Mombasa, na inatuuma kuona jambo lenye maelezo yaliyo wazi likisemwa kwa kubahatisha.

Huyo aliyesomeshwa na masista hakusema uongo. Masista tunaopanda nao matatu, wanaofundisha na kuuguza, ni wa mashirika ya kitume, na shela yao ni ya kichwa tu. Watawa wa kwenye picha ni wa ndani, kama wa mashirika ya Wakarmeli na Waklara, ambao hubaki ndani ya monasteri kwa sala na kazi za mikono. Eneo lao huitwa ugo. Mgeni haingii humo ila kwa sababu na ruhusa, na mtawa naye hatoki ila kwa sababu na ruhusa. Utaji wa uso ni kitu cha ugo, na anayeutenga na ugo hawezi kuuelewa.

Sheria ya ugo ina historia inayojulikana. Mwaka 1298 Papa Bonifasi VIII aliamuru watawa wa kike wote wakae ndani ya ugo. Amri hiyo haikufuatwa sawasawa kila mahali, hivyo Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ukairudia mwaka 1563, na Papa Pio V akaikaza mwaka 1566. Katika miaka hiyohiyo, mwaka 1562, Mtakatifu Teresa wa Avila alianzisha huko Uhispania monasteri yake ya kwanza ya Wakarmeli waliorudia maisha ya ukali. Katika katiba aliyowaandikia aliagiza kwamba mtawa asionekane bila utaji isipokuwa na baba, mama na ndugu zake, au panapokuwa na sababu ya kutosha kama ya hao. Aliagiza pia kwamba mtawa anapozungumza na mgeni awepo mwenzake wa kusikiliza, na kwamba akiingia daktari au mtu mwingine wa lazima, watawa wawili waandamane naye muda wote.

Agizo hilo linatosha kujibu mengi. Kumbe uso ulifunikwa mbele ya nani? Mbele ya mtu wa nje asiye wa familia, pale ambapo wavu wa chuma unaomtenga mtawa na mgeni katika chumba cha wageni umefunguliwa pazia lake, au fundi ameingia ndani kutengeneza paa na hakuna wavu unaomtenga na watawa. Jikoni, bustanini na kwenye chumba cha kazi, watawa wakiwa wao kwa wao, uso ulikuwa wazi. Mzazi akija, utaji uliinuliwa. Adhabu gani huondolewa kwa sababu mama amekuja kukutembelea?

Anayetaka ushahidi anao ukutani kwa parokia nyingi. Picha za Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu wa Lisieux, Ufaransa, zinamwonyesha uso wake wote, ilhali alikuwa Mkarmeli wa ndani hadi alipofariki tarehe 30 Septemba 1897. Imewezekanaje? Dada yake wa damu, Céline, aliingia monasteri hiyohiyo mwaka 1894 akiwa na kamera, akampiga picha humo ndani. Aliyeshika kamera alikuwa mtawa mwenzake, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kufunika uso. Teresa huyo aliweka nadhiri tarehe 8 Septemba 1890, na shela nyeusi akavishwa tarehe 24 mwezi huohuo katika ibada ya peke yake, badala ya shela nyeupe ya unovisi, yaani kipindi cha majaribio kabla ya nadhiri. Shela ilikuwa na siku yake ya sherehe, wala hakuna aliyevishwa kwa kukaripiwa.

Waklara waliweka kitambaa kwenye wavu wa chuma kwanza. Kanuni ya Mtakatifu Klara wa Assisi, iliyothibitishwa na Papa Inosenti IV mwaka 1253, inataka pazia litundikwe kwa ndani kwenye wavu, nalo lisiondolewe ila Neno la Mungu linapohubiriwa au mtawa anapozungumza na mtu. Wavu huo uwe na mlango wa mbao wenye kufuli mbili tofauti za chuma, na usiku ufungwe kwa funguo mbili, mmoja ukae kwa abesi, mkuu wa monasteri, na mwingine kwa msimamizi wa sakristia, chumba cha vyombo na mavazi ya ibada. Hakuna mtu mmoja aliyeweza kuufungua peke yake. Vitu vya kupokea na kutoa vilipitia kwenye kabati la mbao la duara linalozunguka ndani ya ukuta: wa nje anaweka unga, anazungusha, wa ndani anapokea, na hawaonani. Pazia, wavu, kabati la kuzunguka na utaji wa uso ni vifaa vya kazi moja. Kimoja kikiwepo, kingine mara nyingi hakihitajiki.

Tuje kwenye hoja ya kuiga, ambayo ndiyo inayotia chumvi mabishano haya katika mji wetu. Mwanzoni mwa karne ya 3 Tertuliano wa Karthago, mwandishi Mkristo wa Afrika Kaskazini, aliandika akiwataka mabikira wafunike vichwa. Katika maandishi hayohayo anawataja wanawake wa Uarabuni, ambao wakati huo hawakuwa Wakristo, kwamba walifunika hata uso wakabakiza jicho moja. Hiyo ni karne nne hivi kabla ya Uislamu. Na katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 24, Rebeka alipomwona Isaka anakuja alitwaa utaji wake akajifunika. Sitara ya uso ilikuwapo Mashariki kabla ya dini zote mbili kuitolea sheria zake. Mama wa Mji wa Kale anayevaa nikabu na Mkarmeli wa Avila hawakuchukua kutoka kwa mwenzake, na sababu zao si moja: mmoja anajisitiri anapotoka nyumbani, mwingine hukaa ndani, anajisitiri dunia inapomfuata alipo. Tunaomba ndugu zetu Waislamu na Wakatoliki wenzetu waache kurushiana maneno juu ya hili.

Jambo lenyewe halikuwa mbali na pwani hii, ingawa wengi wanalidhani ni la Ulaya tu. Enzi za Ngome ya Yesu, Mombasa ilipokuwa chini ya Wareno walioitawala kutoka Goa huko India, watawa wa kiume wa shirika la Waagustino walikuwa na nyumba yao hapa. Askofu mkuu wa Goa, Aleixo de Menezes, mwenyewe Muagustino, alianzisha huko mwaka 1606 monasteri ya Santa Monica kwa ajili ya watawa wa kike wa ndani.

Na leo? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Perfectae Caritatis ya tarehe 28 Oktoba 1965, ulibakiza ugo wa kipapa, yaani ule unaofuata sheria za Papa, kwa watawa wa ndani lakini ukaagiza desturi zilizopitwa na wakati ziondolewe baada ya kusikiliza maoni ya monasteri zenyewe. Hati hiyohiyo inataka mavazi yawe ya kawaida, ya heshima, ya kimaskini, na yanayofaa afya, wakati na mahali. Baada ya hapo monasteri nyingi ziliacha utaji wa uso. Chache zimeendelea nao. Kanuni ya 667 ya sheria za Kanisa za mwaka 1983 inazungumzia ugo bila kutaja uso. Kwa hiyo anayesema Roma imepiga marufuku utaji amekosea, na anayesema ni lazima kwa kila Mkarmeli amekosea vilevile.

Sasa neno kwa vijana wanaojiandaa kuigiza maisha ya Mtakatifu Klara au Teresa, maana hapa ndipo tunapoona makosa kwa macho yetu. Kosa kubwa ni kumfunika mtawa uso toka mwanzo wa igizo hadi mwisho, hata akiwa anapika na wenzake. Afunike mgeni anapoingia tu, na mgeni akiwa babake, afunue.

Kosa la pili ni kitambaa. Wengi huenda Mtaa wa Biashara wakanunua popolini nyeusi, na mwigizaji anajikwaa kwenye ngazi za altare. Utaji wa uso ni kitambaa cha tatu kutoka kichwani. Cha kwanza ni kitani cheupe kinachozunguka uso na kufunika masikio, shingo na mabega. Cha pili ni shela nyeusi ya kichwa, isiyopenya mwanga. Cha tatu ndicho utaji, mwembamba na mweusi. Chagueni voili ya pamba au kitambaa chepesi cha namna hiyo. Kipimeni dukani: kiwekeni mbele ya jicho kikiwa safu moja, muone kama mnaweza kusoma kichwa cha habari cha gazeti lililoshikwa kwa mkono ulionyooshwa. Msichukue cheupe, hata kiwe chembamba namna gani, kwa sababu cheupe hutawanya mwanga mbele ya macho na anayevaa huona ukungu mtupu. Cheusi humeza mwanga, ndiyo maana wa ndani anaona nje vizuri na wa nje haoni ndani. Hilo linategemea taa pia. Taa ikimwangaza mtawa kutoka ubavuni, nyuma ya kitambaa, sura yake yote huonekana na kazi yenu imepotea. Taa iwe mbele, upande wa mgeni, na isiwe kali.

Kwa mtu mmoja kateni urefu wa sentimita 150 kwa upana wa 100. Katikati pakae utosini, nusu moja ishuke mbele hadi chini ya kifua, nusu nyingine ishuke mgongoni. Kabla ya kukata, lowekeni pamba usiku kucha na msuuze hadi maji yatoke meupe. Msipofanya hivyo itaruka baada ya kufuliwa mara ya kwanza, na rangi itachujuka kwa jasho na kuchafua kitani cheupe hapo kwenye paji. Pindo la pembeni liwe jembamba, lakini la chini mbele liwe la sentimita 3 ili kitambaa kiwe na uzito, la sivyo feni itakipeperusha. Vitambaa vya nailoni na poliesta viacheni. Kwa joto na unyevu wa hapa pwani hunata mdomoni kwa pumzi, na pasi ikizidi moto huyeyuka. Anikeni kivulini, kwani jua hugeuza nyeusi kuwa kahawia.

Pini ni tatu: moja utosini, mbili juu kidogo ya masikio, na zote zishike shela ya kichwa iliyo chini ya utaji. Zisisogezwe mbele hadi kwenye paji, maana utaji utabana macho na hautainuka. Kumbukeni kwamba katiba ya Teresa haikuruhusu kioo ndani ya monasteri, na nywele zilikatwa ili muda usipotee kwenye kuzichana. Kwa hiyo mwigizaji ajizoeze kutafuta pini kwa vidole. Kuinua utaji, ashike pindo la mbele kwa mikono miwili na kulirudisha nyuma juu ya kichwa kwa mara moja. Akivuta kwa mkono mmoja kutoka kidevuni, pini ya upande huo huchomoka.

Tunamwomba mhariri aichapishe upya picha ile na maelezo haya chini yake: watawa wa ndani wakiwa wamejifunika utaji wa uso mbele ya watu wa nje, desturi ya ugo iliyoachwa na monasteri nyingi baada ya mwaka 1965. Neno nikabu liondolewe.

Mafundi wa mavazi ya ibada na walimu wa katekesi,
Mombasa