Tundu limezibwa sawa, ila anatamkaje?

Mhariri,

Makala yenu ya watoto wanaozaliwa na mpasuko wa kaakaa, yaani paa la mdomo lina tundu, nimeisoma yote, picha zile za kabla na baada zinaliza, ila mmeandika kwamba baada ya opareshini mtoto "amepona" na hapo ndo sikuweza kunyamaza. Jamani. Mi ni mama wa mmoja wao, kuzibwa ni kuzibwa na kuongea ni kuongea.

Wangu alifanyiwa akiwa na mwaka na miezi kadhaa, daktari akamulika tochi akasema safi, nendeni nyumbani, hakuna aliyetuambia turudi asikilizwe. Tukakaa tunasubiri maneno. Yakaja, ila "baba" ikawa "mama" na "dada" ikawa "nana", baba yake akawa anatania eti mtoto kamkataa, mi nacheka huku moyoni najua kuna kitu. Mpaka anamaliza miaka 3 wageni walikuwa hawamwelewi, nimekuwa mkalimani wa mwanangu mwenyewe.

Baadaye sana ndo nikaeleweshwa. Kule nyuma kwenye paa la mdomo kuna sehemu laini yenye misuli, ukitamka b, p, t, d, k au s inapanda inaziba njia ya pua ili pumzi ijae mdomoni, m na n ndo zinaruhusiwa kupita puani. Sasa kama imeshonwa ila imebaki fupi, au misuli haikupangwa inavyotakiwa, pumzi inavuja juu na b inageuka m. Tochi haioni hiyo! Kaakaa unaliona zima kabisa, ila kama linafunga ama halifungi utajua kwa kumsikiliza mtoto akiongea, na ikibidi wanapitisha kamera nyembamba puani huku anatamka.

Alafu watoto ni wajanja, pumzi isipojaa mdomoni wanaikatia kooni, unasikia kama kakwikwi mahali pa k au t. Hiyo ikishakuwa mazoea hata opareshini ya pili haiiondoi, lazima afundishwe upya na mtaalamu wa matamshi, sauti moja moja, kwa miezi. Na sio kupuliza baluni, tulipuliza sana sisi mpaka mashavu yakauma, kumbe kupuliza kunamfundisha kupuliza tu. Masikio nayo yaangaliwe, hawa watoto majimaji yanajaa sana nyuma ya ngoma ya sikio na asiyesikia vizuri atatamkaje vizuri?

Kuna utafiti mkubwa ulitoka 2023, watoto 558 wa Ulaya na Amerika Kusini wenye mpasuko wa kaakaa peke yake, mdomo wa nje haujapasuka, wengine wakapangiwa opareshini wakiwa na miezi 6 wengine miezi 12. Wa miezi 6 ambao kaakaa lilibaki halifungi vizuri walikuwa kama 9 kwa kila 100, wa miezi 12 ni 15. Tafadhali msikimbilie kuandika kwamba miezi 6 ndo jibu la kila mtoto, maana hao walichaguliwa wenye afya nzuri, na kumlaza kichanga usingizi wa opareshini kunataka watu waliozoea. Mi nilichokipenda ni kwamba hawakuhesabu siku nyuzi zilipopona, walisubiri mtoto afike miaka 5 wakamsikiliza.

Na nyie fanyeni hivo hivo basi. Picha wekeni, sawa, ila huyo mtoto wa kwenye makala akifika miaka 5 mpigieni mama yake, mwombeni ampe mtoto simu aseme "baba kapiga teke", alafu mtuandikie mlichosikia.

Wangu saivi ana 7. B na p zipo, k imekuja mwaka huu, s bado inatoroka puani akichoka.

Ni mimi, mama yake