Barua ya wazi kwa walimu wa Shule ya Jumapili, Moshi

Wanangu walimu, Bwana Yesu asifiwe.

Picha za Sikukuu ya Mikaeli na Watoto nimeziona zikizunguka kwenye makundi ya simu. Watoto wetu mstari huu, watoto wa kituo cha yatima mliokwenda kuwatembelea mstari ule, kila mmoja akimkabidhi mwenzake kipande cha sabuni huku wote wakitazama kamera. Sikupendezwa hata kidogo. Darasani mnawafundisha kwamba sadaka haipigiwi tarumbeta, halafu mnawapanga mstari wapigwe picha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka maslahi ya mtoto yatangulie, na yule wa kituo ni mtoto kama wa kwenu. Simu zikae mfukoni.

Lakini kinachoniudhi zaidi ni lile gunia. Mnatangaza kila mtoto alete kikombe cha maharage, kisha yanamiminwa yote pamoja: Lyamungo, ya njano, ya msimu huu, na yaliyokaa stoo kwa bibi miaka miwili. Nyinyi mnafurahi gunia limejaa. Mpishi wa kituo ndiye anayehangaika, maana maharage ya zamani huchelewa kuiva. Mapya yanapasuka na kuwa rojo, ya zamani bado magumu. Anaongeza maji, anachochea kuni, chakula cha mchana kinaliwa saa tisa. Na humo humo kuna mawe na yaliyobunguliwa.

Jumapili mbili kabla ya safari ya kituoni, tandikeni mkeka nje ya darasa. Watoto wachambue wenyewe: mawe yatupwe, yaliyobunguliwa yatengwe, kila aina mfuko wake, ya zamani yaandikwe kwamba ni ya kulowekwa usiku kucha. Saa nzima ya kuchambua maharage itamfundisha mtoto kutoa kuliko hotuba zetu zote.

Kisha pigeni hesabu. Kilo moja ya maharage makavu hutosha watoto 10 kwa mlo mmoja, kilo ya sembe watoto 5 au 6. Kituo chenye watoto 40 kinahitaji kilo 4 za maharage na kilo 7 au 8 za unga kwa mlo huo mmoja tu. Pimeni mzigo wenu muone utafika siku ya ngapi. Hela za biskuti na soda nendeni nazo soko la Mbuyuni mkanunue unga kwa jumla.

Kabla ya kununua, mpigieni mlezi wa kituo simu. Mkimuuliza anahitaji nini, kwa adabu atajibu "chochote tu." Muulizeni unga utaisha lini na stoo imebaki na nini. Kama kuna vichanga, muulizeni umri wao, kwa sababu maziwa ya kopo namba 2 si ya mtoto wa chini ya miezi sita.

Mengine nayataja tu. Mwenye tetekuwanga au mafua abaki nyumbani. Mwalimu mmoja kwa watoto wasiozidi 10. Ruhusa ya mzazi iwe ya maandishi. Nguo iliyochanika isipelekwe. Hakuna kumuuliza mtoto wazazi wake walikufaje.

Tena, kwa nini wote twende kituoni Desemba? Makanisa, vikundi, maofisi, kila mtu Desemba, na Februari mlezi anakopa unga dukani. Ada ya shule za serikali ilifutwa tangu 2016, lakini sare, viatu na madaftari bado vinanunuliwa, na shule zinafunguliwa Januari. Wapo pia wajane na mabibi wanaolea wajukuu humu humu mitaani kwetu, hatua chache kutoka kanisani, ambao hakuna basi la watoto lililowahi kusimama mlangoni kwao. Wazee wa mtaa wanawajua. Kaeni nao kabla ya Krismasi, mchague nyumba tatu, na safari ya kituoni muisogeze hadi wiki ya pili ya Februari.

Ni mimi mama yenu.