Kukusanya noti feki za zamani sio utapeli

Mhariri naomba nafasi kidogo. Juzi kuna msomaji aliandika hapa kwamba mtu anayekusanya noti feki hana tofauti na anayezichapa, wote wafungwe tu. Imeniuma kwa sababu mi nakusanya, huu mwaka wa saba, na sijawahi kumpa mtu noti feki hata moja nikamwambia ni pesa.

Alipopatia nampa haki yake. Noti feki ya pesa inayotumika sasa hivi sio ya kuweka kwenye albamu, ukiipata peleka benki au polisi, usiirudishe sokoni eti kwa vile na wewe umepigwa, na hasara utabaki nayo mwenyewe. Mi hizo sigusi kabisa.

Nazungumzia za zamani. Ninayo moja ya pauni 5 ya Uingereza, ile nyeupe yenye maandishi meusi upande mmoja tu, nyuma kutupu. Aliyeniuzia aliandika kabisa kwenye risiti kuwa ni feki, iliyotengenezwa kambi ya Sachsenhausen kule Ujerumani wakati wa vita kuu ya pili. Wanazi waliwalazimisha wafungwa wa Kiyahudi kama 140 hivi kuzichapa, na zikishakauka wanazikunja, wanazichafua kwa mikono, wanazitoboa na pini ili zionekane zimeshatumika, maana makarani wa benki Uingereza walikuwa na mazoea ya kubana noti kwa pini. Nikiinyanyua kwenye taa naviona vitundu viwili karibu na kona, na kila nikiviona nawaza aliyevitoboa hakujua kama wiki ijayo atakuwa hai. Sasa kitu kama hicho kweli tukichome moto?

Halafu ukizishika sana hizi jicho linafunguka jamani. Kuna mzee mmoja New York, Emerich Juettner, alikuwa anachapa dola 1 tu nyumbani kwake, karatasi ya kawaida, hadi jina la Washington kuna mahali lilitoka "Wahsington", na bado ilichukua miaka kumi, 1938 hadi 1948, kumkamata kwa sababu nani anahangaika kukagua noti ya dola 1? Tangu nisome habari zake mi nakagua hata noti ndogo kabisa, napitisha kucha nione kama wino umeinuka, naangalia ile picha iliyojificha ndani ya karatasi, na wanangu nimewafundisha hivyo hivyo.

Wanaotuharibia jina ni wauzaji. Kuna mtu aliniuzia kitu eti feki ya wakati wa vita kumbe katoa kwenye printa mwaka huo huo, yaani feki ya feki, pesa yangu ikaenda hivyo. Na wengine wanaziuza bila kusema kuwa ni feki, hilo ndo baya zaidi, maana Benki Kuu ya Uingereza mpaka leo inazilipa noti zake halali hata za zamani namna gani, kwa hiyo mtu asiyejua anaweza kuipeleka pale akidhani kaokota mali. Ombi langu kwa wauzaji ni moja, andikeni FEKI kwa maandishi makubwa kwenye kifuko chake na kwenye risiti. Yangu nimeandika hivyo mbele na nyuma ya kifuko, siku mi sipo watoto wasije wakahangaika nayo benki.

Mkusanyaji noti