Decatur sio Tripoli tu jamani

Mhariri, salamu kwako na wenzako. Kila anayemtaja Stephen Decatur, yule ofisa wa jeshi la maji la Marekani, anaishia usiku wa tarehe 16 Februari 1804. Sawa, ilikuwa kazi kweli, jamaa ana miaka 25 kaingia bandari ya Tripoli na kimeli Intrepid, askari wamejificha chini, rubani wao Msisilia Salvatore Catalano ndo anawapiga fiksi walinzi eti nanga zimepotea wanaomba kufunga kamba kwenye Philadelphia, manowari ya Marekani iliyokuwa imetekwa na Tripoli, kuja kushtuka meli inawaka na jamaa wametoka bila kupoteza mtu hata mmoja!

Ila mi kinachoniuma ni kifo chake. Mwaka 1807 manowari ya Waingereza Leopard iliishambulia Chesapeake, meli ya Marekani iliyoongozwa na ofisa James Barron, Barron akasalimu amri, akashtakiwa, na Decatur alikuwa mmoja wa waliomhukumu kusimamishwa miaka mitano, halafu baadaye akampinga asirudishwe kazini. Wakaanza kuandikiana barua za hasira mpaka tarehe 22 Machi 1820 wakakutana Bladensburg, Maryland, na bastola, hatua nane tu kati yao (yaani hapo hata kipofu anapata). Wote wakaanguka. Barron akapona, akaishi mpaka 1851, Decatur akafa usiku uleule na miaka 41.

Wasimamizi wa pambano hilo walikuwa Bainbridge na Elliott, maofisa wenzao kabisa, na badala ya kuwapatanisha wakawapimia hatua. Marafiki gani hao?

Msomaji wenu, Tanga