Stesheni zituwekee dokumentari za sayari saa watu wako macho

Kwa Mhariri,

Salamu kutoka Umoja. Naomba nafasi kidogo niongee na stesheni zetu za televisheni kuhusu dokumentari za sayari, maana hiyo ndiyo raha yangu kubwa ya wiki na watoto wangu wameambukizwa, siku hizi wakigombania remoti ni juu ya Zohali na Mshtarii.

Kuna ile ya chombo cha Cassini, nimeirudia na bado sijachoka. Kilirushwa 1997 kikafika Zohali 2004, alafu huko kukaonekana maajabu kwa kamwezi kadogo kanaitwa Enceladus, upana wake kama kilomita 500 hivi, yaani ni kama safari ya basi ya Nairobi hadi Mombasa, nani angedhani kuna kitu hapo? Kumbe kwa ncha ya kusini barafu ina nyufa, na maji yanaruka kutoka humo mpaka angani, na chini ya hiyo barafu kuna bahari ya chumvi! Wakakipitisha chombo katikati ya hayo maji ili kiyapime. Lakini mwisho wake ndio hunishika roho. Mafuta yalipokaribia kuisha wanasayansi waliamua kukitumbukiza ndani ya Zohali kiungue, 15 Septemba 2017, ndio kisije kikaanguka Enceladus na vijidudu vya huku kwetu kikachafua mahali ambapo pengine pana uhai. Kikaendelea kutuma data mpaka mawasiliano yakakatika. Tukifika hapo kwetu hakuna mtu huongea.

Alafu ukitoka nje jioni, hata na hizi taa za Nairobi zimefunika nyota, Zuhura ikiwa magharibi unaiona tu vizuri, na ukishajua huko joto ni kama nyuzi 465 na inajizungusha mara moja kwa siku 243 ilhali jua inalizunguka kwa siku 225, hauwezi kuiangalia tena kama taa ya kawaida.

Sasa mbona hizi vitu zinawekwa usiku wa manane, ama zinafungiwa kwa king'amuzi cha kulipia? Saa moja na saa mbili ni tamthilia za ng'ambo kila siku. Sizichukii, mke wangu anazipenda sana, lakini kama hizo zinawekewa sauti ya Kiswahili basi hata sayari zinaweza. Mama yangu akija kutoka ushago huketi nasi, picha anaziona lakini maneno lazima nimtafsirie, na mimi nikitafsiri kinachofuata kinanipita. Mama huuliza maswali mazuri kutuliko sote, ningependa asikie mwenyewe.

Jumamosi baada ya habari, lisaa limoja tu, inatosha.

Na tutengeneze zetu pia. Tarehe 12 Desemba 1970, Jamhuri Dei, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru, na ndiyo ilikuwa ya kwanza duniani ya kuchunguza anga kwa miale ya eksirei pekee. Ni watoto wangapi wa Nairobi wanajua hivyo? Tumeni kamera Malindi mtafute wazee waliokuwa wanaona roketi zikiruka, muwarekodi wangali hai.

Msomaji wako,
Umoja, Nairobi